Picha za CT zinazogoma kufika: tubane, tupunguze au tusubiri?

*"Habari za kazi, mtaalamu. Mimi ni mteknolojia wa mionzi katika hospitali ya mkoa. Mashine ya CT tunayo, lakini daktari bingwa wa radiolojia hatuna. Anayetusomea yuko Dar es Salaam. Kumtumia picha moja kwa moja kutoka kwenye mashine ni mateso: CT ya kichwa ya mgonjwa mmoja inachukua zaidi ya nusu saa, na mtandao ukikatika tunaanza upya. Kwa hiyo usiku tunapiga kioo cha kompyuta kwa simu na kumrushia kwa WhatsApp. Juzi amegoma, anasema hizo si picha za kutolea majibu. Afisa TEHAMA wetu anasema tuzigeuze ziwe JPEG au tuzifunge kwa zipu. Mganga anasema kubana ni kuharibu, na siku ikitokea kesi tutajibu nini? Nimebaki katikati. Nani yuko sahihi, na tufanye nini kwa intaneti hii hii, maana bajeti ya kuongeza haipo?"*

Ndugu yangu, ubishi wenu hauishi kwa sababu kila mmoja ameshika kipande cha ukweli. Bingwa alifanya vizuri kugoma. Afisa TEHAMA yuko sahihi kuhusu zipu, ila JPEG amekosea. Mganga anasema kweli kuhusu aina moja ya kubana, na hiyo aina nyinyi hamuihitaji kabisa. Ninavyosoma swali lako, tatizo lenu kubwa wala si ukubwa wa faili. Mnatuma vitu vingi ambavyo usiku ule havihitajiki, na kile kinachohitajika mnakituma kikiwa kimeshakatwa.

Nianze na bingwa. Mashine ya CT haipigi picha kama kamera, inapima mwili kwa mionzi, mkato kwa mkato, kama mkate uliokatwa vipande. Kila nukta ya picha yake ni namba katika kipimo cha Hounsfield: maji ni 0, hewa ni -1000, mafuta yako karibu na -100, ubongo kati ya 20 na 40 hivi, damu mbichi iliyoganda kati ya 50 na 80 hivi, na mfupa mgumu huenda mamia hadi kupita 1000. Kwa kawaida namba hizo huhifadhiwa kwa biti 12, yaani ngazi 4096. Jicho haliwezi kutofautisha ngazi zote hizo za kijivu kwa mara moja, kwa hiyo msomaji huchagua dirisha, yaani sehemu ya namba anazotaka kuziona. Dirisha la ubongo kwa kawaida lina upana wa 80 na kitovu cha 40. Maana yake kila kilicho 0 kushuka chini kinakuwa cheusi tii, na kila kilicho 80 kwenda juu kinakuwa cheupe pe.

Sasa mchukue kijana aliyeanguka na bodaboda, ana utando mwembamba wa damu umelala ukigusa ukuta wa ndani wa fuvu. Damu yake ina 70. Kwenye dirisha la ubongo 70 ni karibu nyeupe, na fuvu lililo pembeni yake ni jeupe lote. Viwili vinaungana, unaona mfupa ambao labda umenenepa kidogo. Bingwa akiwa na faili halisi anapanua dirisha hadi 200 hivi, na damu inajitenga na mfupa mbele ya macho yake. Kisha anahamia dirisha la mfupa kutafuta ufa. Haya yote anayaweza kwa sababu namba zipo. Wewe ulipopiga kioo kwa simu, ulimchagulia dirisha moja na kufunga mengine yote. Kinachomfikia hakina tena 70 wala 900. Kina weupe tu. Hata ukituma kwa ile njia ya WhatsApp ya ubora wa juu, namba hazirudi, kwa sababu hazikuwahi kuingia kwenye simu.

Ongeza mwanga wa taa unaoakisi kwenye kioo, michirizi ya mawimbi inayotokea pale nukta za kamera zinapogongana na nukta za kioo, na WhatsApp yenyewe kupunguza picha ya kawaida kabla ya kuisafirisha. Kusema "mbona kwangu inaonekana safi" hakusaidii, maana kinachotafutwa ni kile ambacho hakionekani mpaka ukichokoze.

Pendekezo la JPEG linaangukia shimo lilelile. JPEG ya kawaida, ile ya picha za harusi, ina biti 8, ngazi 256. Ili CT iingie humo lazima kwanza mtu achague dirisha. Hasara inatokea kabla hata ya kubana kuanza. Eksirei za kidijitali nazo mara nyingi zina biti 12 au zaidi, kwa hiyo hazisalimiki.

Sasa tuje kwenye kubana kwenyewe, na hapa mwite mganga akae karibu.

Kuna kubana kusikopoteza kitu. Chukua nukta saba zilizofuatana kwenye ubongo: 34, 36, 35, 37, 36, 38, 37. Badala ya kuandika kila namba kwa ukamilifu wake, kompyuta inaandika 34, kisha tofauti tu: +2, -1, +2, -1, +2, -1. Tofauti ndogo zinajirudia sana, kwa hiyo zinapewa alama fupi, na faili linapungua. Upande wa pili kompyuta inajumlisha kurudi nyuma na kupata 34, 36, 35, zilezile, si zinazofanana nazo. Ndivyo zinavyofanya kazi, kila moja kwa ujanja wake, JPEG isiyopoteza, JPEG-LS na JPEG 2000 inapowekwa katika hali ya kutopoteza. (Jina la JPEG limebebeshwa ndugu wengi wasiofanana tabia, na ndilo linalowagombanisha nyinyi.) Zipu inafuata njia nyingine, inatafuta mifuatano inayojirudia, lakini inapofunguliwa faili linarudi lilivyokuwa baiti kwa baiti. Afisa TEHAMA wenu anaweza kumthibitishia mganga leo hii: akokotoe alama ya SHA-256 ya faili (ni kama alama ya kidole ya faili) kabla ya kulifunga na baada ya kulifungua. Herufi zote zikilingana, hakuna kilichoharibika, na hilo hata mahakamani linaelezeka.

Ila msitarajie miujiza. Kwa CT na eksirei, kubana kusikopoteza kwa kawaida kunashusha ukubwa hadi nusu au theluthi, na zipu mara nyingi hupungua nguvu zaidi ya hapo. Kinachozuia ni chenga. Zile punje za kijivu zilizotapakaa kwenye picha hazina mpangilio, na kitu kisicho na mpangilio hakitabiriki, na kisichotabirika hakibaniki. Mikato myembamba ina chenga nyingi kuliko minene, kwa hiyo nayo hugoma zaidi. Akija muuzaji kuwaambia programu yake inabana CT mara 50 bila kupoteza chochote, mpeni maji ya kunywa na mumsindikize.

Aina ya pili ni kubana kunakopoteza. JPEG ya zamani inagawa picha katika viboksi vya nukta 8 kwa 8, inaangalia mabadiliko makubwa na madogo ndani ya kila kiboksi, kisha inayakadiria kwa ukali zaidi yale madogo ya haraka haraka. JPEG 2000 inafanya hivyo kwa picha nzima kwa tabaka, bila viboksi, ndiyo maana ikizidishiwa inafifia badala ya kuvunjika vigae. Tatizo ni kwamba mabadiliko madogo ya haraka haraka ndiyo hayohayo ya ufa wa unywele, mstari mwembamba wa pafu lililojitenga na ukuta wa kifua, na vichembe vya chokaa kwenye titi.

Hata hivyo siyo haramu. Chuo cha Kifalme cha Wataalamu wa Radiolojia cha Uingereza kiliwahi kutoa mwongozo wa viwango vya juu kabisa vya kubana: mara 5 kwa CT na MRI, mara 10 kwa eksirei ya kifua, ya mifupa na kwa ultrasaundi, mara 20 kwa picha za matiti. Wenzao wa Canada wanaruhusu zaidi kwa baadhi ya CT. Marekani nao, kwenye picha hizohizo za matiti, hawaruhusu kabisa kutoa majibu ya mwisho kwa picha iliyobanwa kwa kupoteza. Ukiona wakubwa wanatofautiana kiasi hicho, jua kwamba kiwango si cha kuamuliwa na afisa TEHAMA peke yake usiku wa manane. Anayekubali ni yule atakayeweka sahihi kwenye majibu.

Kuhusu kesi, mfumo wa DICOM, yaani kanuni ya kimataifa ya kuhifadhi na kutuma picha za hospitali, umeshamjibu mganga. Ndani ya faili kuna sehemu yenye namba (0028,2110). Ikiwa 00, picha haijawahi kubanwa kwa kupoteza. Ikibanwa hata mara moja inaandikwa 01, na haitakiwi kurudishwa 00 tena milele, hata ukilifungua faili upya. Ndiyo historia yake. Picha ya simu haina historia yoyote, na hapo ndipo mngekosa la kujibu.

Kwa CT za dharura ushauri wangu ni mmoja: msitumie kubana kunakopoteza. Na hamna haja nako. Tupige hesabu.

Mkato mmoja wa CT ni nukta 512 kwa 512, kila nukta baiti 2. Hiyo ni baiti 524,288, nusu megabaiti na ushee. CT ya kichwa yenye mikato myembamba, seti moja ya ubongo na moja ya mfupa, inafika kirahisi picha 400, yaani megabaiti 210 hivi. Sasa angalia kasi yenu ya *kupakia*, siyo ya kupakua ambayo ndiyo watoa huduma wanayoitangaza. Tuseme ni megabiti 1 kwa sekunde. Biti si baiti. Baiti moja ni biti 8. Megabaiti 210 ni megabiti 1,680, nazo ni sekunde 1,680, dakika 28 mtandao ukiwa haujatetereka hata kidogo. Ndiyo nusu saa yako hiyo.

Lakini kichwa chenye urefu wa sentimita 16 kikitengenezwa kwa mikato ya milimita 5 kinatoa picha 32. Hizo ni megabaiti 17. Zibane bila kupoteza, zibaki kama 8 na nusu, na kwa intaneti ileile zinafika kwa dakika moja na sekunde chache. Hujapoteza nukta hata moja ndani ya picha ulizotuma. Na damu kubwa kichwani, ubongo uliosukumwa upande, vyumba vya maji vilivyovimba, bingwa ataviona kwenye hizo 32 akiwa na uhuru wote wa kubadili dirisha. Seti ya mfupa ifuate nyuma, kisha mikato myembamba ijipange foleni isafiri taratibu hadi alfajiri.

Mashine yako inatengeneza mikato minene kutokana na data ileile, bila mgonjwa kupigwa mionzi mara ya pili. Kaa na bingwa wako mara moja, kwa simu tu, mkubaliane kila uchunguzi uanze na seti ipi. Maana si kila kitu kinavumilia milimita 5. Shingo iliyovunjika, mfupa wa sikio, mishipa ya mapafu inayotafutiwa damu iliyoganda, hivyo vinataka mikato myembamba tangu mwanzo, na hapo itabidi msubiri. Mwambieni ukweli: "Daktari, hii itachukua dakika 20." Atapanga.

Baada ya kuchagua na kubana kuna jambo la tatu ambalo watu wengi hawalioni, nalo ni kusubiriana. Kwa mpangilio wa kawaida wa DICOM, mashine inatuma picha moja, inangoja upande wa pili useme nimepokea, ndipo itume nyingine. Kama kibarua anayepandisha tofali moja ghorofani na kusubiri fundi aitikie kabla hajainama kuchukua la pili. Kila kusubiri kukiwa sekunde 0.2, picha 400 zinakula sekunde 80 za kukaa bure. Kama mnatumia setilaiti ya zamani iliyo kilomita karibu 36,000 angani, mwendo wa kwenda na kurudi ni kama sekunde 0.6, na mmepoteza dakika nne kabla hatujahesabu hata megabaiti moja. Ndiyo maana mtu ananunua bando kubwa zaidi na haoni tofauti.

Dawa yake ni kutoiachia mashine ya CT kazi ya kusafirisha. Wekeni kompyuta ndogo ya kupokea hapo hapo hospitalini, yenye betri ya akiba. Mashine inaitupia picha kwa waya wa ndani kwa sekunde chache na kuendelea na mgonjwa mwingine. Hiyo kompyuta ndiyo inabana, inapanga foleni, inatuma kwa mafungu, na mtandao ukikatika inaendelea ilipoishia. Programu ya bure inayofanya kazi hii vizuri ni Orthanc, iliyoanzishwa na Sébastien Jodogne katika hospitali ya chuo kikuu cha Liège, Ubelgiji. Ina kiongezi maalumu cha kusafirisha picha kati ya seva mbili za Orthanc, kwa hiyo upande wa bingwa nao uwe nayo. Kompyuta ya kawaida inatosha kuanzia.

Jihadhari na mtego mmoja hapa. Kabla ya kutuma, pande mbili za DICOM hukubaliana lugha ya kubana. Kama wa kwenu anasema "nina JPEG 2000" na wa kule hajui, mazungumzo hurudi kwenye lugha ya msingi ambayo haibani chochote, na hakuna kengele inayolia. Mtakaa mwezi mzima mkiamini mnabana. Afisa TEHAMA afungue faili lililofika na kuangalia namba ndefu ya aina ya usafirishaji, ile inayoanza 1.2.840.10008.1.2. Ikiishia .4.70, .4.80 au .4.90, limebanwa bila kupoteza. Ikiishia .4.50 hiyo ni JPEG ya biti 8, na kwa CT simamisheni kila kitu mtafute nani aliyeiweka.

Seva ya kupokelea iwe wapi nayo ni hesabu. Kampuni za nje zina mifumo mizuri ya kulipia kwa mwezi, na kwa hospitali isiyo na mtu wa TEHAMA huenda ndiyo njia ya busara. Lakini seva ikiwa Ulaya, kichwa cha mgonjwa wa Kigoma kinapita chini ya bahari kwenda na kurudi ili kisomwe Dar es Salaam. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipopata hitilafu, intaneti ya Afrika Mashariki iliyumba. Trafiki inayobaki ndani ya nchi kwenye Mkongo wa Taifa (mtandao wa nyaya za intaneti wa nchi) haina sababu ya kutegemea waya ulioko karibu na Durban. Kwenu mimi ningeanza na seva hapa hapa nchini.

Je, WhatsApp ife kabisa? Sisemi hivyo, maana kuna usiku ambao hakuna kingine. Basi itumike hivi: toa faili halisi za DICOM za ile seti ya mikato 32, zifunge kwa zipu, zitume kama *hati* na siyo kama picha. Hati haiguswi, inafika ilivyo. Bingwa anaifungua kwenye kompyuta yenye programu ya kusomea. Picha ya kioo ibaki kuwa kengele ya kumwamsha tu: "Daktari, naona kitu hapa, faili linakuja." Asitoe majibu juu yake, wala msimwombe.

Ujumbe wa WhatsApp wenyewe umefungwa kwa usimbaji (maandishi ya siri) ukiwa njiani. Hatari iko kwenye nakala: zinazobaki kwenye simu yako, simu ya mwenzako wa zamu, na lile grupu lenye watu 40 ambao nusu yao wameshahama kituo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inaziweka taarifa za afya kwenye kundi la taarifa nyeti, na kuzipeleka nje ya nchi kuna masharti yake. Kwa hiyo kwenye WhatsApp ondoa jina, weka namba ya jalada pamoja na umri na jinsia. Kwenye njia yenu rasmi iliyofungwa kwa usimbaji, *msiondoe* jina. Picha mbili zikibadilishana wagonjwa, mtu anatobolewa fuvu lisilo lake. Na mkumbuke programu za kuficha jina hufuta maandishi yaliyo kwenye sehemu ya maelezo ya faili tu. Kwenye ultrasaundi jina mara nyingi limechorwa ndani ya picha yenyewe, na litabaki hapo likiwatazama.

Mengi ya haya mnaweza kuyafanya wenyewe kwa wiki mbili tatu. Mawili yanataka mtu aje. La kwanza ni mipangilio ya mashine ya CT: jina la kifaa, anwani, mlango wa mtandao, na seti za mikato zinazotengenezwa zenyewe kila uchunguzi ukiisha. Mwite mhandisi aliyeidhinishwa na mtengenezaji, akiwa na bingwa wenu kwenye simu, na andikeni mipangilio ya zamani kabla hajagusa. La pili ni ukuta wa ulinzi wa mtandao. Mashine ya CT isiachwe wazi kwenye intaneti hata kwa siku moja ya majaribio, na kama afisa TEHAMA hajawahi kuweka njia ya VPN (njia ya siri ndani ya intaneti) kati ya vituo viwili, mwombeni mwenzake wa hospitali ya rufaa ya kanda aje kukaa naye siku hiyo.

Na mgonjwa ambaye fahamu zinashuka huku mboni moja imepanuka, huyo hasubiri faili lolote. Daktari wa zamu ampigie simu daktari wa upasuaji, gari la wagonjwa liwashwe, na CD yenye picha zote aende nayo mkononi muuguzi anayemsindikiza.